Ukigongewa Dirisha: Kuhojiwa Kuhusu Kibali cha Maegesho ya Watu Wenye Ulemavu Nairobi

Anayekuuliza kwanza mara nyingi si polisi. Ni soja wa kampuni ya ulinzi kwenye maegesho ya duka kubwa au hospitali, kijana aliyesimama juani tangu asubuhi na kuagizwa kwamba zile nafasi mbili zenye alama ya kiti cha magurudumu zisiguswe na mtu yeyote tu. Anagonga dirisha, anachungulia ndani, anamtafuta mtu aliye na dalili ya ugonjwa. Asipomwona, anatoa lile swali ambalo sisi tunaoegesha kwa kibali tumelisikia mpaka tumelizoea: "Mgonjwa yuko wapi?"

Niseme mapema kwamba maswali hayo tunayahitaji. Nafasi ya kawaida ya kuegesha ina upana wa kama mita 2.4. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mita nyingine 1.2 hivi pembeni, ili mlango ufunguke wote, kiti kisogezwe karibu na mtu ahamie bila kuning'inia. Ile mistari ya mshazari iliyochorwa kando ya nafasi si mapambo. Ndiyo njia ya kiti. Gari moja likiegeshwa juu yake "kwa dakika mbili tu", mwenye kiti anabaki amefungiwa ndani ya gari lake au nje yake mpaka dereva wa lile jingine arudi. Kwa hiyo afisa anayeuliza kibali anatulinda. Shida huja pale asipojua aulize nini, na sisi tusipojua tujibu nini.

La kwanza la kuelewa, na ndipo familia nyingi zinapokwama: kibali ni cha mtu, si cha gari. Mwenye kibali akiwa ndani ya gari, au anashushwa, au amefuatwa arudishwe nyumbani, uko sawa. Umemwacha mama kliniki Kenyatta, ukaona acha uingie mjini ununue vipuri, ukaegesha Kimathi Street kwenye nafasi ya walemavu na beji ya mama, yaani kibali chenyewe, iko kwenye dashibodi: huko si sawa, hata kama gari limeandikwa jina la mama. Vilevile mwenye kibali akifariki, beji inarudishwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hapa tutaliita Baraza. Najua ni jambo la mwisho ambalo familia iliyofiwa inalifikiria, lakini beji ya marehemu inayoendelea kuzunguka mjini ndiyo inayomfanya soja amtilie shaka mjane mwenye mguu bandia siku inayofuata.

Kuna hali ya katikati inayoleta mabishano mengi kuliko zote. Mwenye kibali yuko ndani kwa daktari, dereva anamsubiri kwenye gari. Afisa akija anaona mwanamume mzima wa afya anasikiliza redio kwenye nafasi ya walemavu. Dereva huyo anatakiwa awe na vitu vitatu mkononi: nakala ya kadi ya Baraza ya mwenye kibali, picha ya kadi ya kliniki au ujumbe wa miadi ya siku hiyo, na nambari ya simu ya mwenyewe ambayo inapokelewa. Akiwa navyo, mazungumzo huisha hapo hapo. Akianza kusema "nangoja mtu" bila kuonyesha chochote, amejiingiza mwenyewe kwenye kundi la wanaodanganya, kwa sababu kila anayedanganya husema maneno hayo hayo.

Sasa karatasi. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lilianzishwa na sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo imebadilishwa na nyingine mpya ya 2025. Ofisi kuu za Baraza ziko Waiyaki Way, Westlands, mkabala na ABC Place. Safari huanzia hospitali ya serikali, ambako madaktari wanakupima na kujaza fomu ya tathmini ya ulemavu. Ukishapita hapo ndipo unasajiliwa na kupata kadi ya Baraza, na kadi hiyo ndiyo mzizi wa mengine yote, kibali cha maegesho kikiwemo. Usijaribu kuanzia kwenye beji.

Kinachokwamisha watu hapa ni majina. Kitambulisho cha taifa kina majina matatu, fomu ya hospitali imeandikwa mawili, kadi imetoka na herufi ya kwanza tu ya jina la kati. Ofisini wanaweza kukuelewa, lakini kando ya barabara afisa anayeshuku ataona watu watatu tofauti. Kabla hujaondoka kwenye dirisha la hospitali, soma fomu neno kwa neno ukiwa umeshika kitambulisho, hakikisha muhuri umepigwa na saini zimetimia. Kurudi baadaye kutafuta daktari mmoja aliyesahau kutia saini kunachosha mtu mzima wa afya, sembuse anayesukumwa kwa kiti.

Jambo la pili ni jina la mwenye gari. Magari mengi Nairobi yamenunuliwa kwa mkopo, na logibuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina la benki pamoja na la mteja. Mengine ni ya mume, ya mtoto, ya kampuni. Hilo halikunyimi haki, maana tumeshasema kibali kinamfuata mtu, ila linaongeza maswali. Weka nakala ya logibuku na barua fupi ya mwenye gari, mistari miwili tu: gari nambari fulani humbeba fulani, mwenye kadi ya Baraza nambari fulani. Atie saini na tarehe. Ukipanda teksi au gari la rafiki, beba beji yako, uitoe ukishuka.

Vyote hivi vikae kwenye bahasha moja ya plastiki ndani ya dashibodi: nakala ya kitambulisho, nakala ya kadi ya Baraza, nakala ya logibuku, ile barua, na nakala ya ukurasa wa fomu unaoonyesha kwamba ulemavu umethibitishwa. Usiweke ripoti nzima ya daktari. Kadi halisi itembee na wewe. Kwenye simu, hifadhi picha za hizo hizo, maana gari likivutwa bahasha inaondoka nalo.

Beji halisi iwekwe juu ya dashibodi upande wa kushoto, upande wa kandokando ya barabara, maandishi yakitazama nje. Jua letu linachapa kioo cha mbele mwaka mzima na wino unafifia. Nambari inaondoka kwanza, halafu picha, na mwishowe inabaki karatasi ya samawati isiyosema kitu. Ukiona nambari haisomeki ukiwa umesimama nje ya kioo, omba nyingine. Usiende kuipiga nakala ya rangi mjini na kuifunika kwa plastiki ionekane mpya. Hata mwenye haki kamili anajiingiza kwenye hatari hapo, kwa sababu afisa akiona nakala kwenye dashibodi anawaza kughushi, na kughushi hati chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 3. Nakala ni za ndani ya bahasha.

Ukiulizwa, jua unazungumza na nani. Soja yuko kwenye mali ya mtu binafsi. Anaweza kukuomba uonyeshe kibali, anaweza kukuambia nafasi hiyo usiitumie, lakini hawezi kukuamuru ueleze ugonjwa wako wala kuzuia kadi yako. Mwonyeshe kadi kwa mkono wako, na akikataa, omba meneja wa jengo. Mara nyingi meneja anamaliza jambo kwa neno moja. Hakuna haja ya kumvunjia heshima kijana wa watu. Yeye ndiye utakayemkuta pale wiki ijayo.

Askari wa kaunti, kanjo, ni habari nyingine. Huyo ana mamlaka ya kufunga gurudumu la gari kwa klampu na kuita bredauni ije ilivute. Na maswali yake huwa mawili yaliyofungwa pamoja, ingawa yeye mwenyewe hayatenganishi: je, unaruhusiwa kuwa kwenye nafasi hii, na je, ada ya siku imelipwa? Beji inajibu la kwanza. Usidhani inajibu la pili. Masuala ya nani halipi ada yanaamuliwa na sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hurekebishwa, kwa hiyo pata msimamo wa City Hall, makao ya serikali ya kaunti, kwa maandishi na uutie kwenye bahasha. Kama huna maandishi hayo, lipa kupitia *647# na uache ujumbe wa malipo kwenye simu. Nimeona mabishano marefu kuhusu ulemavu wa mtu, watu wamejaa, kumbe kilichokuwa kikiulizwa tangu mwanzo ni ada.

Polisi wa trafiki ataongeza leseni na bima. Hakikisha hizo ziko sawa, maana kibali kizuri hakiokoi bima iliyokwisha.

Mazungumzo yenyewe yakienda vizuri huwa hivi:

"Mama, hili gari ni la nani?"

"Ni la mume wangu, afande. Mwenye kibali ni mimi. Kadi yangu hii, na kitambulisho hiki."

"Lakini nimekuona ukitembea."

"Kadi hii nimepewa na Baraza baada ya kupimwa hospitali ya serikali. Nambari ni hiyo, unaweza kuithibitisha kwao. Naomba jina lako na nambari yako ya kazi niandike."

Tazama kilichoachwa. Hakutaja ugonjwa. Kuna watu wana mguu bandia chini ya suruali, kuna wenye moyo unaochoka baada ya hatua ishirini, kuna wenye seli mundu ambao leo wanatembea na kesho hawainuki kitandani. Ukianza kueleza, kila maelezo yanazaa swali jingine, na mwisho unajikuta unabishana na mtu asiye daktari kuhusu mwili wako. Aliyeamua ni jopo la hospitali. Kazi ya afisa ni kuangalia kama kadi ni halisi na kama wewe ndiye uliye kwenye picha. Hali ya afya yako ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na afisa akipiga picha fomu yako ya hospitali kwa simu yake binafsi, mwulize papo hapo ni ya nini na itahifadhiwa wapi.

Lile la "hebu shuka utembee tuone" linaumiza kuliko klampu. Watu wamesimama, wengine wametoa simu, na wewe unaambiwa uonyeshe jinsi unavyochechemea ili uaminiwe. Huna wajibu huo. Kifungu cha 28 cha Katiba kinalinda utu wa kila mtu, na cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe wala kutajwa kwa namna ya kumdunisha. Sema taratibu: "Sitatembea ili nithibitishe. Kadi ndiyo uthibitisho." Rudia maneno hayo hayo bila kuongeza.

Kwenye familia, kubalianeni mapema nani anaongea. Mtoto aliyemwendesha mamake akiona anadharauliwa hasira humpanda, anainua sauti, na kuanzia hapo kosa linakuwa lake: kumzuia afisa kufanya kazi. Mwenye kibali aongee, dereva atoe karatasi. Maafisa wengi huzungumza na dereva kana kwamba aliye kwenye kiti hayupo. Dereva amjibu, "Tafadhali mwulize mwenyewe." Na kama mwenye kibali ni kiziwi, andika kwenye karatasi au simu kwamba unahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya kabla ya kujibu lolote. Katiba inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa.

Kurekodi video mimi siishauri iwe hatua ya kwanza. Hupandisha joto, na simu ndiyo iliyo na picha za karatasi zako. Andika: saa, mtaa, jina, nambari ya sare, maneno aliyosema. Halafu piga picha za vitu, si za watu: kibao cha alama, mistari iliyochorwa chini, beji ikionekana kupitia kioo pamoja na nambari ya gari, kisha moja ya mbali inayoonyesha jengo. Mvua na matairi hufuta rangi kwenye lami, na mara nyingi kesi nzima husimama kwenye swali la kama ile alama ilikuwepo au haikuwepo.

Klampu ikishafungwa, usiiguse. Kuivunja au kuondoka nayo ni kosa jipya ambalo kibali hakilifuniki. Omba waandike sababu, omba ankara rasmi, na ulipe kwa njia rasmi ya serikali peke yake, si nambari ya mtu. Ndiyo, unalipa hata kama hukukosea, kama bredauni iko njiani, kwa sababu gari likifika yadi gharama ya kuvutwa na ya kulala zinaongezeka juu ya ile ya kwanza. Kulipa hakukuzuii kulalamika. Siku hiyo hiyo andika barua pepe ya mstari mmoja kwamba umelipa ili gari lisivutwe na unapinga hatua hiyo.

Na kama ni lazima livutwe, toa kwanza kiti cha magurudumu kwenye buti. Toa na mto wa kukalia, dawa, vifaa vya mpira wa mkojo. Watu hukumbuka simu na pochi, wanasahau kiti, kisha mtu anabaki amekalishwa kwenye ukuta wa maua Banda Street huku miguu yake imefungiwa yadi. Afisa akikukataza kufungua buti, sema kwa sauti ya kawaida, mbele ya mashahidi, kwamba kile ni kifaa cha tiba na bila hicho huwezi kusogea.

Rushwa itatajwa, hata kama si kwa jina lake. "Mama, tusaidiane." Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na mwenye kibali halali aliyetoa mia tano amejigeuza mkosaji kwa jambo ambalo alikuwa hana kosa. Namba ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ni 1551. Wengi wamefikia mahali wanaona elfu moja ni nafuu kuliko mchana mzima wa usumbufu, na uchovu huo nauelewa kabisa. Lakini kanjo aliyelipwa leo atalijua gari lako kesho.

Ikifika kituoni, hakikisha jambo linaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na upewe nambari. Una haki ya kuelezwa kosa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Litaje hilo kifungu kwa nambari. Ukitoa dhamana ya pesa, dai risiti. Bila risiti hakuna cha kurudishiwa.

Hapa kuna jambo la mwili ambalo mawakili hawalisemi. Aliyeumia uti wa mgongo hawezi kukaa kwenye benchi la mbao saa nne akingoja kuandikisha maelezo. Anatakiwa ajiinue au ageuzwe kila nusu saa hivi, vinginevyo ngozi ya makalio inaanza kufa na kidonda chake huchukua miezi. Kama jeraha liko kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo ulioziba unaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha. Dalili ni kichwa kugonga vikali, uso kuwa mwekundu, jasho jingi juu ya jeraha. Mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira kama umejikunja, na apelekwe hospitali mara moja. Mwambie OCS, mkuu wa kituo, mapema, kabla ya dalili, na uombe iandikwe kwenye OB kwamba ameambiwa. Ikishaandikwa, hakuna wa kusema baadaye kwamba hakujua.

Malalamiko yaandikwe wiki hiyo hiyo. Kwa askari wa kaunti, barua iende City Hall ikiwa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Nakala nyingine peleka Baraza. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu za maandishi ikiwa hatua ya ofisi ya umma imekuumiza, kwa hiyo katika barua omba hizo sababu waziwazi, usiishie kueleza ulivyosikitika. Wakikaa kimya, kuna Tume ya Haki ya Utawala. Kwa polisi, ni IPOA, mamlaka huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, nambari 1559. Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe, saa, mtaa, nani, alisema nini, ulionyesha nini, ulilipa kiasi gani, unataka nini. Unachotaka kiwe kitu kinachoweza kufanyika, kama kurudishiwa ada ya klampu au rangi ya nafasi ile kupakwa upya. Barua zinazoomba afisa afutwe kazi huzunguka ofisini muda mrefu. Zinazoomba risiti fulani irejeshwe hupata mtu wa kuzishughulikia.

Afisa akichukua beji yako, usiondoke bila hati inayosema ameichukua, na kama hatoi, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe kwenye OB kwamba imechukuliwa na nani na wapi. Ikiwa imepotea au imeibwa na kioo kimevunjwa, pata abstrakti ya polisi, hati inayoonyesha kwamba umeripoti, kwa sababu Baraza litaiulizia ukienda kuomba nyingine. Mpaka mpya itoke, egesha nafasi ya kawaida na ulipe, hata kama picha ya ile ya zamani unayo kwenye simu.